Mbichi au Iliyopigwa Pasi

Nyinyi vijana mnaogombana kwenye simu zenu tangu alfajiri hadi magharibi, kisa na maana kanda ya Fahim na Katana ni mbichi mno au imepigwa pasi mno, haya, kaeni kitako mnisikize. Mlimtuma Fahim aje aniombe maneno machache ya kuweka kwenye kundi lenu. Maneno machache mimi sina. Nimefanya kazi ya kunasa sauti hapa Mji wa Kale tangu ujana wangu hadi magoti yakakataa ngazi, na kazi yenyewe ni ya kunyamaza wengine waimbe. Mtu kama huyo akistaafu huwa ana mengi tumboni.

Kwa wasionijua, mimi ni Bi Zuhura. Fahim, yule anayeshika gitaa na kupiga mayowe, ni mjukuu wa dadangu. Huo muziki wenu mnaouita blek metal, gitaa za kukwaruza, dramu za mbio na sauti ya mtu aliyefungiwa chooni, sikuujua hadi juzijuzi. Sasa naujua kuliko nilivyotaka.

Naanza na aibu, nisije nikaizunguka. Ile Jumamosi mliyonikalisha kiti cha mbele kule Shimanzi ili nihukumu baina ya sauti mbili, masikio ya kuhukumia sikuwa nayo. Sauti nyembamba za juu zilikuwa zimenitoka kitambo, na sikumwambia mtu, hata dadangu ninayekaa naye. Jina langu lote mjini lilikuwa masikio. "Mpelekee Bi Zuhura, yule ana masikio." Nikaona likitoka hilo nitabaki kizee mwenye mashine kuukuu, mtu wa kuamkiwa kwa heshima kisha akapitwa. Kwa hivyo nilikuja Shimanzi nikiomba Mungu msinijue.

Lakini ngojeni kwanza, niwaambie nilivyoingia kwenye kazi hii, maana sikuichagua.

Ami yangu Sefu, ndugu yake baba, alikuwa na studio ghorofani, nyumba ya mawe, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Wateja wake wakubwa walikuwa watu wa harusi. Na harusi zetu mwazijua, wanaume kwao na wanawake kwao. Siku ya vugo, wanawake wakishazishika zile pembe za nyati na vijiti vya kuzipigia, mwanamume haingii ndani hata akiwa na mashine ya dhahabu. Ami alijaribu kupitisha mikrofoni dirishani kwa ufito. Mara ya kwanza alinasa kunguru. Mara ya pili bibi mmoja aliikamata ile mikrofoni akasema ndani yake, "Sefu, toa mkono wako nyumbani kwa watu!" Hayo ndiyo maneno pekee yaliyotoka vizuri kwenye kanda ile.

Basi akanigeukia mimi. Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa nyumbani nikishona kofia. Akaniambia, "Zuhura, weye huko ndani waingia bila kubisha. Ndoo nikufunze." Mamangu alisema kazi ya waya si ya mwanamke. Ami akamjibu kwamba mwanamume ndiyo hivyo, ameshafukuzwa dirishani.

Wiki nzima hakuniachia nishike hata kitufe. Alinikalisha katikati ya chumba, macho nimefumba, kisha hupiga kofi moja hewani na kuniuliza chumba kimejibu nini. Mwanzo nikidhani mzee amechoka akili. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Chumba chenye mabusati na magodoro ya sufi hujibu kidogo sana. Chumba kitupu cha sakafu ya simiti hukurudishia kofi lako na ziada. Fanyeni hivyo hata nyinyi kabla ya kutoa waya mkobani, maana mikrofoni haichagui, itanasa waimbaji na itanasa chumba pia.

Alinifunza saa za kazi. Studio yetu ilikuwa baina ya misikiti mitatu, kwa hivyo tukifanya kazi baina ya adhana na adhana, na hata hapo tukiomba kunguru wawe na shughuli kwengine. Kunguru wa Mombasa ameimba kwenye kanda nyingi kuliko msanii yeyote wa mji huu. Alinifunza kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Kanda zenyewe tukiziweka ndani ya mikebe ya biskuti pamoja na konzi ya mchele, mchele unywe unyevu. Juzi nimefungua mkebe mmoja wa zamani, kanda iko salama salimini, lakini mchele ulikuwa na wadudu na wajukuu zao.

Sasa tuje kwenye hiyo mbichi mnayoipenda. Mimi nimeila mbichi, na ilinikwama.

Harusi ya pili au ya tatu kupelekwa peke yangu, wanawake walipumzika kula, nami nikaiacha mashine ikizunguka. Uvivu tu. Mikrofoni ilikuwa karibu na sinia. Shangazi yake bibi harusi, mdomo wake haukuwa na kufuli, akaanza kumsema mamake bwana harusi. Kwamba zile sambusa alizojigamba amezikunja kwa mikono yake mwenyewe usiku kucha, amezinunua dukani, na duka lenyewe akalitaja. Wenzake wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mimi nikatoa kopi ishirini bila kuisikiza kanda hadi mwisho, nikazigawa pande zote mbili za harusi.

Kanda ya wanawake haisikizwi na wanaume, hilo hata mtoto alijua. Lakini ndugu yake bwana harusi, kijana asiye na haya, aliipeleka kwa kinyozi. Wanaume kumi wamekaa na povu mashavuni, wanasikiza habari za sambusa za mama mtu! Kesho yake mama mwenyewe alipanda ngazi zetu akihema, buibui limemwenda upande, akaitupa kanda mezani. "Zuhura! Mimi, mwenye mikono hii, ninunue sambusa?"

Ami hakunitetea. Alinituma nikazikusanye kopi zote, mlango kwa mlango, nikiomba radhi kila mlango. Siku tatu nazunguka Mji wa Kale uso umeniiva kwa aibu. Nilipata kumi na tisa. Ya ishirini haikuonekana hadi leo, nami nina hakika alibaki nayo yule shangazi.

Baada ya hapo nikaingiwa na woga, na woga huo ukanipeleka upande wa pili, kwenye pasi. Harusi iliyofuata nilinyoosha kila kitu. Mtu akikohoa, nakata. Mtoto akilia, nakata. Vigelegele vilipoirusha sindano ya kipimo cha sauti hadi kwenye rangi nyekundu, nikavipunguza vikawa vya kuku. Zile pembe zina ukwaruzo fulani, kama mchanga ndani ya sauti, nami nikaona huo ni uchafu, nikauondoa wote. Nikajiona fundi kweli kweli.

Kiongozi wa vugo alikuwa Bi Mishi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikaa studio, akasikiza kanda yote, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, hawa wapiga sahani. Na sisi tulikuwa wanawake sitini. Hapa nasikia watatu, na wote wagonjwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Alipotoka, Ami aliniuliza swali moja tu. "Ulikuwa ukisafisha kwa kusikiza, au kwa kuogopa?" Nikamwambia kwa kuogopa. Akasema basi nenda kaioshe mashine, kesho tuna kazi nyingine. Ndivyo alivyokuwa, hakuwa mtu wa kulirudia kosa lako mara mbili.

Tangu siku hiyo nikawa nasikiza kwanza kisha ndipo nagusa. Kanda zikaja, zikaenda. Zikaja sidii za kung'aa, zikaenda. Ami akafariki, Mungu amrehemu, mashine zikaniangukia mimi, nikazihamishia nyumbani. Zikaja kompyuta ambazo mtoto wa darasa la tano aweza kuondoa nazo kikohozi cha mtu kwa kidole kimoja. Nami nikageuka mtu wa kuletewa kanda za kale zilizooza, nizifufue. Kazi nzuri, ya kukaa kitako.

Hapo ndipo masikio yakaniacha. Kanda ina sauti yake yenyewe, mwaijua nyinyi mnaopenda mbichi, ile shhh inayokuja kabla mtu hajaimba. Mimi nimeishi na shhh hiyo umri wangu wote. Asubuhi moja nikaweka kanda, nikavaa spika za masikioni, nikasikia kimya. Kimya kitupu. Mashine ilikuwa imetoka kwa fundi siku hiyohiyo, basi nikampigia simu nimsifu. "Mashallah, umeiondoa shhh yote!" "Bi Zuhura," akasema, "nimekurudishia vilevile. Kifaa cha kubadilisha sikukipata."

Nikamwambia haidhuru, nikakata simu, nikakaa. Nikasugua vidole karibu na sikio, sikusikia kitu. Nikawasha jiko niteleke birika, dadangu akaingia jikoni mbio akaniuliza kwa nini naiachia inapiga mluzi. Mluzi! Kwangu ilikuwa inatoa mvuke tu. Nikamwambia nilikuwa na mawazo.

Ujanja sikukosa. Sindano ya kipimo huonyesha sauti hata kwa asiyesikia. Na mteja husema kwa uso wake. Ukimwekea kanda ya babake, ukamtazama nyusi na mdomo, wajua pazuri ni wapi na pabaya ni wapi. Nikaishi hivyo miaka miwili, nasoma nyuso, na watu wakinisifu masikio. Kila sifa ilikuwa ikiniuma.

Ndipo akaja Fahim na mwenzake. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Akanibusu mkono, akaniambia, "Nyanya, huyu ni Katana, ndiye mpiga dramu wangu. Twataka kunasa kwako, kwa kanda. Kompyuta hatutaki." Katana ni kijana mrefu, mtu wa Kaloleni, mpole, mwenye mabega ya kazi. Huendesha foklifti kwenye ghala moja la Shimanzi, mchana kutwa anapandisha na kushusha mifuko ya saruji. Akaniinamia akaniamkia vizuri hata nikampenda hapo hapo.

Nikawauliza la muhimu kwanza. "Huo muziki nimeusikia sifa zake. Mwamwimbia nani? Ikiwa ni Ibilisi, viatu vyenu viko mlangoni."

Fahim akacheka. "La, nyanya, wallahi. Wako wazungu wafanyao hivyo huko kwao kwenye baridi. Sisi twaimba moshi wa Kibarani."

"Moshi gani? Si pamepandwa miti pale?"

"Wa zamani, Bi," akasema Katana. "Wakati wa jaa la taka. Kila nikija mjini na mamangu tukipita pale, moto hauzimiki, watu wamo ndani ya moshi wanachagua chupa. Mimi nikidhani ndio jehanamu yenyewe tuliyohubiriwa kanisani. Sauti hii ndiyo pekee inayofanana na pale."

Nami nimeula moshi ule. Nikawaambia, haya, ingieni, lakini baina ya adhuhuri na alasiri tu.

Tulitandika magodoro ukutani, tukaipanga dramu sebuleni. Nikapiga kofi langu hewani, chumba kikajibu vizuri, sauti za chini na za kati. Za juu sikuzijua, nikazinyamazia. Fahim alipoanza kupiga mayowe yake, jirani akagonga mlango akiwa na mtandio kichwani na macho yamemtoka. "Zuhura, ni nani aliyekufa?" Ikabidi nimtie ndani, nimkalishe na chai, asikize wimbo mzima. Ulipokwisha alisema Mungu awape afya, akaenda zake haraka.

Kanda ikatoka. Fahim akaipenda kama ilivyo, mbichi, na shhh yake na ngurumo zake. Katana hakuipenda. Akaichukua kwa rafiki yake mwenye kompyuta, wakaisafisha, wakainyoosha, kila dramu ikakaa peke yake. Hiyo ndiyo ya pasi. Mkaziweka zote mbili kwenye kundi lenu, na hapo, lahaula! Mkagawanyika. Wa mbichi wakasema pasi ni usaliti, muziki umevishwa suti. Wa pasi wakasema mbichi ni kelele ya mtu asiyejua kazi, anajificha nyuma ya vumbi. Mmoja wenu, simtaji, aliandika kwamba anayependa pasi arudi akasikize nyimbo za matangazo ya sabuni.

Nyinyi mlikuwa mwacheza, lakini wale wawili waliacha kusemezana. Fahim alikuja kwangu macho mekundu. "Katana ameshikilia pasi kama roho yake. Haelezi kwa nini. Amekuwa mkaidi, nyanya, simjui tena." Wakakubaliana jambo moja la mwisho, kwamba zipigwe zote mbili mbele ya watu, Bi Zuhura asikize bila kuambiwa ipi ni ipi, aseme iliyo bora. Itakayochaguliwa itolewe, na asiyeridhika ashike njia yake.

Ningelikataa. Wallahi ningelisema naumwa mgongo. Lakini Fahim alisema, "Weye ndiye mwenye masikio, nyanya," nami kichwa kikavimba, nikaitikia.

Jumamosi baada ya alasiri mkanipandisha tuk-tuk hadi Shimanzi, kwenye ghala ambalo mkubwa wake Katana aliwaruhusu kulitumia. Malori nje yakinguruma, ndani vumbi la saruji na nyinyi arubaini mmevaa fulana nyeusi katika joto lile, maskini, jasho lawatiririka. Mkanipa kiti cha mbele na chupa ya maji. Mkapiga ya kwanza. Nikasikia dramu za chini zikinipiga kifuani, nikasikia sauti ya Fahim katikati, na juu ya hapo hamna kitu. Mkapiga ya pili. Dramu, sauti, na juu hamna kitu. Kwangu zilikuwa pacha waliovalishwa nguo moja.

Nikafanya nilivyozoea, nikatazama nyuso. Ya pili ilipoanza, Fahim alifumba macho, mabega yakashuka. Katana aliikodolea macho sakafu, taya limekaza. Basi nikajua, ya pili ndiyo mbichi. Maneno yakanijia yenyewe, mazuri, ya kitaalamu, jinsi ya kwanza imekosa pumzi na ya pili ina chumba ndani yake. Nikasimama niyaseme. Mmoja wenu alikuwa ameshanyanyua simu aninase.

Na pale nimesimama nikamwona Katana vile alivyokuwa amejikunja kwenye mfuko wa saruji, anangoja neno langu kama mtu anayengoja kusomewa majibu ya maradhi. Nikaona nitawatenganisha watoto wa watu kwa kubahatisha. Nikasema, "Sisikii."

Fahim akaja mbele. "Wataka tuongeze sauti, nyanya?"

"Sauti yatosha. Mimi ndiye sitoshi. Sauti za juu zimenikufia, miaka miwili sasa. Hizi mbili kwangu ni moja. Nimejua ya pili ni mbichi kwa kuutazama uso wako, basi. Nimewadanganya wewe na kila aliyeniletea kanda tangu wakati huo, na nimechoka."

Mmoja wenu nyuma alicheka, mwenzake akampiga kumbo. Nikakaa, nikaifungua ile chupa ya maji nisiinue macho. Nikangoja mtu aje anishike mkono anitoe nje taratibu, kama wanavyotolewa vizee.

Aliyekuja ni Katana. Akachutama mbele ya kiti changu, mikono yake mikubwa juu ya magoti. "Bi," akasema, "sikio langu la kushoto lalia. Tangu mwaka jana. Mlio mmoja, haulali."

Nikamtazama. Mimi msoma nyuso, uso ule nilikuwa sijausoma hata siku moja. Nilidhani ni kiburi.

"Kwenye ile mbichi," akaendelea, na sasa akisema kwa nguvu nyote mkasikia, "shhh ya kanda na huo mlio wangu vyachanganyika, sijui dramu yangu iko wapi. Ya pasi najisikia. Sijali ipi ni nzuri. Mimi natafuta kujisikia tu."

Fahim akamsogelea. "Kwa nini hukunambia, yakhe?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mpiga dramu wako anakuwa kiziwi? Si ungetafuta mwengine."

"Mwengine yupi?" Fahim akapiga kelele, na safari hii haikuwa ya muziki. "Mwengine yupi, Katana? Mjinga weye!" Akamkamata shingo akamvuta, wakabaki hivyo wameegemeana vichwa, wanalia na kucheka, nami nikalia kilio cha wazi mbele ya fulana nyeusi arubaini wala sikuona haya. Kifua kilinifunguka. Sijui niwaelezeje, nilivuta pumzi ikafika mahali ambapo haikuwa imefika miaka miwili. Na nyinyi, Mungu awaweke, mkapiga makofi, ingawa hakuna aliyekuwa ameshinda.

Jumatatu nilimkokota Katana kwa daktari wa masikio. Alitaka kwenda kazini, nikamwambia saruji haitaoza. Daktari akamchungulia, akachukua mrija wake wa maji ya vuguvugu, akasukuma, akasukuma, likatoka donge la nta na vumbi la ghala, gumu, ungeliweza kujenga nalo. Kisha akampima. Akasema kusikia kumepungua kidogo tu, mlio utatulia ingawa huenda usiishe wote, na kusikia kulikobaki kutadumu akiziba masikio kazini na kwenye dramu. Katana alisimama, akajishika shati, akalisugua. Akanigeukia macho yamemtoka. "Bi! Nguo zangu zapiga kelele!" Akawa akijisugua shati lile kliniki nzima, wagonjwa wanamtazama.

Nilidhani sasa ataipenda mbichi. Wapi! Aliisikiza tena kwa masikio mapya, akasema bado ni ya ovyo. Lakini safari hii waligombana wakicheka, na kwa kuwa kanda ina pande mbili, mbichi ikakaa upande huu na pasi upande ule. Gombaneni basi mpaka mchoke. Mimi sina haja ya kuwapatanisha. Ninachotaka ni mzibe masikio kwenye maonyesho, kwa vizibo vya dukani, si kwa pamba, pamba haizuii kitu. Na sikio lako likilia, mwambie mwenzako siku hiyohiyo.

Siku ile kliniki, Katana alipotoka, daktari alinitazama juu ya miwani. "Na weye, Bi, ulishapimwa?"

Nikamwambia ndiyo. Nilipimwa baada ya ile birika, kwenye kliniki nyingine, nikapewa karatasi ya masikio ya msichana wa miaka ishirini, na karatasi hiyo nikamwonyesha dadangu. Kile chumba cha kupimia kilikuwa na dirisha la kioo, na kwenye kioo nikiuona mkono wa nesi. Kila alipobonyeza kitufe chake, nami nikabonyeza changu.

Daktari alicheka hadi akavua miwani akaifuta. Kisha akanifungulia mlango wa chumba chake cha kupimia, nacho kina kioo.

Nikaingia, nikakigeuza kiti kikatazama ukuta, nikafumba macho. Sauti zikaanza, nene, nikabonyeza. Zikapanda, nikabonyeza. Zikapanda tena, zikawa nyembamba, zikawa uzi, kisha hapana. Nikajua kwamba huko nje nesi bado anabonyeza. Nikauweka mkono wangu mapajani, nikauacha pale.